Sahani ya Mgeni Asiyetazamiwa

Leo twataka kuwapeleka mezani, lakini si meza ya hapa kwetu. Ni meza ya nchi ya Poland, jioni ya tarehe 24 Desemba, mkesha wa Krismasi. Chakula hicho cha jioni wenyewe hukiita Wigilia.

Watoto husimama dirishani wakiingoja nyota ya kwanza, na mpaka ionekane hakuna alaye. Chini ya kitambaa cheupe cha meza huwekwa nyasi kavu, kwa kukumbuka hori. Vyakula kwa desturi ni 12, bila nyama: supu nyekundu ya bitiruti, samaki, kabichi, uyoga na vinginevyo.

Lakini jambo kubwa huja kabla ya kijiko cha kwanza. Kila mtu hushika mkate mwembamba kama karatasi, uitwao opłatek, uliookwa kwa unga na maji. (Wengi wao ni Wakatoliki, lakini hii si Meza ya Bwana, ni desturi ya nyumbani.) Kila mmoja humwendea mwenzake, humega kidogo katika mkate wake na kumtakia heri, na waliokosana husameheana. Je, sisi? Mara nyingi twafumba macho na kuuombea ugali mbiombio usije ukapoa, huku tumemnunia yule anayetupitishia mboga. Twakiri tumefanya hivyo, tena si mara moja. Ni vigumu kumnunia mtu ambaye mkono wake umo katika mkate wako.

Tena huwekwa sahani moja ya ziada, kwa ajili ya mgeni asiyetazamiwa. Wengine huitazama wakawakumbuka marehemu wao, au ndugu waliopelekwa uhamishoni Siberia. Sisi twasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wao husema, mgeni akiingia nyumbani, Mungu ameingia.

Nao walikuja kuwa wageni kwetu. Mwaka 1940 na 1941 watu wengi wa Poland walihamishwa kwa nguvu na serikali ya Urusi ya Kisovieti. Kuanzia 1942 maelfu yao, hasa wanawake na watoto, walipitia Uajemi wakafika Afrika Mashariki. Wengine waliwekwa Masindi na Koja, huko Uganda. Kambi ya Tengeru, karibu na Arusha, ilikuwa na watu kama 5,000, katika vibanda vya duara chini ya Mlima Meru. Waliofia hapo walizikwa hapo, na makaburi yao yapo hata leo.