Pesa Iliyotoka Bila Wewe Kujua
(Mazungumzo na vikundi vya akina mama na wazee, Bulla Pesa, Isiolo)



Tunashukuru kwamba mmeacha maziwa, vibanda na mifugo ili tukae pamoja saa hii moja. Leo tuongee juu ya pesa inayotoka bila mwenyewe kujua.

Ng'ambo watu wengi hutumia kadi ya mkopo. Kila mwezi benki huwaletea karatasi ya hesabu, na mtu akiona malipo asiyoyafanya, analalamika. Kule Marekani sheria ya mwaka 1974 inampa siku 60 za kuandika malalamiko, na hasara yake haipiti dola 50. Mpaka alipe, pesa hiyo bado ni ya benki.

Sisi hapa, kadi yetu ni simu. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, pesa ya maziwa ya ngamia kutoka Eastleigh, ya mbuzi na ya karo zinapita humo. Lakini pesa ya simu ni yako mwenyewe, na ikitoka imetoka. Hatuna siku 60. Tuna dakika chache tu.

Tutajuaje kama tumeibiwa?

Kwanza, tusome kila ujumbe. Ule wa kweli huja kwa jina MPESA, si kwa nambari ya mtu, tena una salio lako. Mtu akipiga akilia kwamba amekutumia pesa kwa makosa, usimrudishie. Angalia salio. Kama halikuongezeka, hakuna kilichoingia. Kama liliongezeka, mwambie aombe kampuni imrudishie.

Pili, kila wiki tubonyeze *334# na kuomba taarifa fupi ya akaunti. Tuilinganishe na daftari, kama tunavyofanya na hesabu ya kikundi. Usidharau shilingi hamsini usiyoijua, kwa maana mwizi huonja kwanza. Tazama pia Fuliza, mkopo ulioanza mwaka 2019. Mtu aliye na nambari yako ya siri anaweza kukuachia deni hata kama salio lilikuwa sufuri.

Tatu, laini yako ikikosa mtandao ghafla na ya jirani inafanya kazi, usingoje kesho. Huenda kuna mtu amejifanya wewe na kupewa laini yako.

Ukigundua, fanya hivi. Azima simu ya jirani yenye laini ya Safaricom, piga 100, uombe akaunti ifungwe. Kama wewe mwenyewe umetuma kwa nambari isiyo sahihi, peleka ujumbe ule wa M-Pesa kwa 456 mara moja, kabla aliyepokea hajaitoa. Ujumbe wa matapeli peleka 333. Usifute kitu chochote, kwa sababu ndio ushahidi. Badilisha nambari ya siri, kisha nenda kituo cha polisi uandikishe na upewe nambari ya OB. Tangu mwaka 2018 Kenya ina sheria ya makosa ya kompyuta na mtandao, kwa hivyo hiyo ni kesi kamili.

Sasa tuseme lile gumu. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Wazee wetu wengi hawasomi ujumbe, basi humpa mjukuu au wakala simu pamoja na nambari ya siri. Katika kazi yetu tumeona mzee anajua kabisa kwamba pesa yake ya Inua Jamii imepungua, lakini ananyamaza, hataki kumwaibisha mtoto wa nyumbani. Kunyamaza huko kunamlaza njaa, na kunamfundisha kijana wizi.

Tusiwalaumu wazee. Tuwawekee utaratibu. Mzee asomewe ujumbe na watu wawili, kwa siku tofauti. Zile tarakimu nne azibonyeze kwa kidole chake mwenyewe, hata kama ni polepole na foleni inangoja. Kumsomea mzee ni msaada. Kujua nambari yake ya siri si msaada.

Kabla ya mkutano ujao, kila kikundi kimtembelee mzee mmoja wa jirani, akisomewe taarifa yake mbele yake, naye aulizwe: hii ni yako? Na hii? Mwacheni ajibu bila haraka.

 Sasa tusikie maswali.