Mafuta Yakimwagika Singida, Nani Atayala?



Bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilometa 1,443, limepitishwa katika mkoa wetu. Naulizwa mara kwa mara: yakimwagika, nani atayaondoa? Baada ya watu na mashine kuyazoa, yatakayosalia udongoni yataachiwa viumbe tusivyoviona. Katika kila konzi ya udongo mna bakteria na kuvu wawezao kula mafuta, wakayavunjavunja hata yakawa maji na hewa ya kaboni.

Lakini tusijidanganye. Wafanyakazi hawa wana masharti yao: wataka maji, oksijeni, naitrojeni na fosforasi. Hapa kwetu mvua husimama yapata mwezi Mei isirudi hata Novemba au Desemba, na katika udongo mkavu bakteria hulala. Tena mafuta ya Uganda yana nta nyingi, ndiyo sababu bomba hupashwa joto la nyuzi 50 hivi. Yakipoa huganda kama mafuta ya kondoo, na walaji hao huishia kwenye uso wa bonge.

Mwaka 1989 meli Exxon Valdez ilipopasuka huko Alaska, Marekani, fukwe zilinyunyiziwa mbolea, na bakteria wakaongeza kasi. Hata hivyo mafuta yaliyojificha chini ya kokoto, hewa isikofika vema, yalikutwa yangali mabichi zaidi ya miaka 20 baadaye. Kwa hiyo mimi napinga desturi ya kufukia. Afukiaye mafuta huyahifadhi.

Wala hatuna haja ya kungoja bomba. Tazameni ardhi ya gereji zetu ilivyo nyeusi kwa oili chafu, katika mji wenye maziwa ya Singidani na Kindai. Udongo huo ukusanywe, utandazwe juu ya sakafu isiyovuja, uchanganywe na samadi (nayo hatuikosi), ugeuzwe kwa jembe na kunyunyiziwa maji kwa miezi kadhaa. Usirudishwe bustanini, kwani oili chafu huwa na metali kama zinki, na hizo bakteria hawawezi kuzimaliza.

Nanyi watumishi wa wilaya, nawauliza: mafuta yakimwagika Septemba, kina mama wakiwa wamepanga ndoo kisimani tangu alfajiri, maji ya kuwanywesha bakteria yatatoka wapi? Jibu liandikwe sasa katika mipango ya dharura, pamoja na jina la kisima.