Safari ya Darasani Hadi Kigoma
(Maneno ya Kamati ya Elimu kwenye mkutano mkuu wa mwaka)

  

Mwaka huu tulikaa na watoto wetu wa darasa la nne hadi la sita kila Jumamosi, chini ya turubai la shughuli. Shuleni wanafundishwa mikoa, na wanaijua kwa kuimba. Tanzania ina mikoa 31, Bara 26 na Zanzibar mitano, na Songwe ndiyo kitinda mimba, wa mwaka 2016. Wanaimba vizuri sana. Lakini ukimwuliza mtoto, ukienda Kigoma kwa treni utafika kwanza Singida au Tabora, anatazama juu kama jibu limeandikwa kwenye turubai. Kwa maoni yetu, orodha peke yake haimpi mtoto nchi yake.

Basi tukawasafirisha. Tulipanga viti vya plastiki viwili viwili, tukachora reli kwa chaki, kila mtoto akakata tiketi ya karatasi. Walitaka ile treni ya umeme iliyoanza mwaka 2024. Tukawaambia inaishia Dodoma, na pia haisimami Kimamba, nasi tulikuwa na shughuli Kimamba. Tukapanda ya zamani. Zaidi ya kilomita 1,200, mikoa saba: Dar es Salaam, Pwani, Morogoro, Dodoma, Singida, Tabora, Kigoma.

Pugu na Ruvu tulizipita haraka. Kimamba, wilaya ya Kilosa, tukashuka. Hapo ni nchi ya mkonge, na watoto wakauliza sisi Waha tunahusikaje na mkonge. Wazee mliopo mnajua. Babu zetu walichukuliwa kutoka Kasulu na Kibondo kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro. Kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kukusanya wafanyakazi, SILABU. Kila mtu alipewa namba, ndiyo maana wakaitwa manamba. Wengine walirudi kwao na blanketi na baiskeli, wengine hawakurudi, na wajukuu wao wako huko mpaka leo. Mtoto mmoja akasema, "Kumbe hata babu alipita njia hii." Alipita kwelikweli, ila yeye alikuwa anakuja huku pwani.

Baada ya Kilosa treni ilikwama. Tuliikwamisha makusudi, kwa sababu kipande cha Kilosa hadi Gulwe mvua hukiharibu mara kwa mara, na aliyewahi kulala stesheni akisubiri reli itengenezwe hatuna haja ya kumweleza. Watoto wakala vitafunwa vyao vyote hapo. Dodoma walinunua zabibu za kuchora. Manyoni na Itigi wakajifunza kwamba mkoa wa Singida una reli, jambo ambalo hata baadhi yetu wakubwa lilitushangaza. Tabora njia zinagawanyika, ya Mwanza inakwenda kaskazini, na nusu ya behewa walitaka kuhamia huko kwa ajili ya sato. Urambo tukasimulia mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 kwa matrekta na kelele nyingi na ukaachwa mwaka 1951. Kisha Malagarasi, kisha Uvinza kwenye chumvi, na alfajiri Kigoma. "Mwakeye!" wakapiga kelele wote, hata wasiojua neno la pili la Kiha.

Hapo ndipo safari ilipokuwa ngumu. Mikoa sita ya njiani watoto walikuwa na la kusema. Tulipowauliza kwetu kuna nini, mmoja akasema dagaa, mwingine mawese, wa tatu akasema wakimbizi. Binti wa darasa la tano akasema hapendi kutaja kwao shuleni kwa sababu wenzake humwambia yeye si Mtanzania, ni Mrundi.

Ndugu zetu, neno hilo tunalijua. Wengi tuliomo humu tumeshaulizwa, tukifuatilia karatasi zetu, babu amezikwa wapi, na tukaulizwa tena wiki iliyofuata. Ni kweli kwetu ni mpakani, na ni kweli tumewapokea majirani wenye shida. Kambi ya Nyarugusu iko Kasulu tangu mwaka 1996. Kumpokea mgeni hakumgeuzi mwenyeji kuwa mgeni. Tukamwonyesha binti yule ramani. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, kabla nchi hii haijaitwa hata Tanganyika, na ilifuata njia ya misafara iliyokuwa ikifika Ujiji tangu zamani. Akanakili mwaka huo kwenye daftari lake. Wiki ya pili alikuja na swali lingine, la ziwa: kwa nini ni refu hivyo kwenda chini? Tukamwambia ni la pili kwa kina duniani, na kwamba kwa nini lilipasuka hivyo atajifunza sekondari.

Sasa tunafika kwenye ombi. Walimu wa shule tatu za kwetu Kasulu walifanya safari hiyo hiyo kwa kurudi nyuma, kutoka kwao hadi Dar es Salaam. Hawana ramani ya ukutani. Walichora nchi kwa kijiti uwanjani, na mvua ya mchana ikaifuta. Watoto wao wametuandikia barua, zimebandikwa pale mlangoni, zisomeni. Wanadhani Dar ni Kariakoo na bahari. Mmoja anauliza kama Mbagala watu wanalima.

Tunaomba kwa kila shule ramani kubwa ya Tanzania na ya Afrika, za plastiki kwa sababu mapaa yanavuja, atlasi za kutosha watoto watatu watatu, tufe moja, na kabati lenye kufuli. Bei tulizozipata madukani ziko ukurasa wa nyuma wa kijitabu hiki, na kila mwanachama achague kifaa anachokiweza. Wawili wanaweza kushirikiana ramani moja. Asiyeweza kununua, tunamwomba siku moja ya Jumamosi: aje atueleze kijiji chake, watoto wakiandike kwenye ramani.

Mizigo itakwenda kwa treni. Ahadi zinapokelewa na mweka hazina, meza ya kushoto, jirani na akina mama wa chai. Risiti zipo.