Kashfa za Marais wa Marekani: Ni Nani Aliyeilinda Sheria?

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa walimu na watumishi wa serikali. Yamefupishwa kidogo kwa ajili ya ukurasa huu.)



Nimeombwa nizungumzie kashfa zilizowapata marais wa Marekani, na mafunzo yake kwa siasa za nchi hiyo hivi leo. Sikuja kuwasimulieni maovu ya wakubwa ili tucheke na kurudi majumbani. Nimekuja na swali moja: Rais wa nchi ile anapovunja sheria, ni nani hasa amzuiaye? Jibu tulilozoea kulisikia, ambalo Wamarekani wenyewe hupenda kulitoa, ni kwamba katiba yao humzuia. Jibu hilo naliona pungufu. Katiba ni karatasi, na karatasi haina mikono.

Tuitazame kwanza kashfa ya Watergate, maana ndiyo iliyofanywa kipimo cha nyingine zote. Usiku wa tarehe 17 Juni, 1972, mlinzi wa zamu katika jengo la Watergate, mjini Washington, aliona utepe wa gundi umebandikwa kwenye kitasa cha mlango ili mlango usijifunge. Akaubandua, akaendelea na lindo lake. Aliporudi alikuta umebandikwa mwingine. Hapo ndipo alipowaita polisi, na watu watano wakakamatwa ndani ya ofisi za makao makuu ya Chama cha Democratic. Mlinzi huyo, Frank Wills, alikuwa kijana wa miaka 24.

Habari za uvunjaji huo zilitangazwa magazetini mapema. Hata hivyo, mwezi Novemba mwaka uleule, Rais Richard Nixon alichaguliwa tena kwa kushinda majimbo 49 kati ya 50. Hapa pana fundisho ambalo wengi hulipita haraka. Wapiga kura peke yao hawakuizuia kashfa ile, kwa sababu wakati huo jambo lilikuwa bado limefunikwa, na waliolifunika ndio walioshika madaraka.

Walioufungua mfuniko walikuwa watu wa ofisini. Mwezi Julai 1973, Alexander Butterfield, aliyekuwa amefanya kazi Ikulu, aliulizwa na kamati ya Senate iwapo kulikuwa na mitambo ya kunasia mazungumzo ya Rais. Hakuja kwa hamu ya kusema, lakini aliulizwa waziwazi naye akajibu kweli. Ikajulikana kuwa ushahidi wote umo katika kanda. Mwendesha Mashtaka Maalumu, Archibald Cox, alipozidai kanda hizo, Nixon alimwamuru Mwanasheria Mkuu, Elliot Richardson, amfukuze kazi. Hiyo ilikuwa tarehe 20 Oktoba, 1973. Richardson alikuwa ameliahidi Baraza la Senate kwamba hatamwondoa Cox bila kosa kubwa. Akakataa amri na kujiuzulu. Naibu wake, William Ruckelshaus, naye akakataa. Wa tatu kwa cheo, Robert Bork, akatii.

Ninyi mnaoshika majalada mnaelewa uzito wa jambo hilo kuliko wasemaji wa majukwaani. Amri imetoka juu, ina sahihi inayostahili, na aliyepelekewa anajua kuwa imekusudiwa kuficha uovu. Wawili walipoteza vyeo vyao jioni moja. Cox akaondoka, lakini ghadhabu ya wananchi ikawa kubwa hata Ikulu ikalazimika kukubali mwendesha mashtaka mwingine, naye akazidai kanda zilezile.

Tarehe 24 Julai, 1974, Mahakama ya Juu iliamua kwa majaji wanane kwa sifuri kwamba Rais azitoe. Watatu kati ya majaji hao walikuwa wameteuliwa na Nixon mwenyewe. Siku tatu baadaye, kamati ya sheria ya Baraza la Wawakilishi ilipiga kura ya kumshitaki Rais, na wajumbe sita kati ya 17 wa chama chake cha Republican waliiunga mkono. Kanda iliyotolewa tarehe 5 Agosti ilimfichua Nixon akikubali, siku sita tu baada ya uvunjaji, kwamba shirika la ujasusi litumiwe kuuzima upelelezi wa polisi wa serikali kuu. Tarehe 7, wakuu wa chama chake katika Bunge, pamoja na Seneta Barry Goldwater, walikwenda kumweleza kuwa hana tena watu wa kumtetea. Tarehe 9 akaondoka.

Sasa hesabuni: mlinzi wa usiku, mtumishi wa Ikulu, wanasheria wawili, majaji, na wabunge wa chama cha Rais mwenyewe. Mng'oeni mmoja katika mlolongo huo, nami sidhani kama Nixon angeondoka.

Haikuwa mara ya kwanza. Katika miaka ya 1920, wakati wa Rais Warren Harding, waziri aliyesimamia ardhi ya umma, Albert Fall, alikodisha kwa siri akiba ya mafuta ya jeshi la majini huko Teapot Dome na Elk Hills. Tajiri mmoja wa mafuta alikuwa amempelekea dola 100,000 taslimu ndani ya mkoba. Fall alifungwa mwaka 1931, waziri wa kwanza wa Marekani kufungwa kwa makosa aliyoyatenda akiwa kazini. Nalitaja jambo hili kwa sababu moja: uchunguzi wa miaka ile ndio uliozaa hukumu ya mwaka 1927 iliyothibitisha kwamba Bunge lina uwezo wa kumlazimisha mtu aje atoe ushahidi. Miaka 46 baadaye uwezo huo ulitumika katika Watergate.

Lakini wakubwa nao hujifunza. Gerald Ford aliyemrithi Nixon alimpa msamaha kamili tarehe 8 Septemba, 1974, kwa hoja kwamba taifa lipate kupumua. Sitaki kumlaumu kwa wepesi, maana aliujua ugumu wake, na mwaka 1976 akashindwa uchaguzi. Hata hivyo, msamaha ule uliacha pengo. Hakuna mahakama iliyopata nafasi ya kusema iwapo aliyekuwa Rais anaweza kushitakiwa kwa aliyoyatenda Ikulu.

Kisha ikaja kashfa ya silaha za Iran, iliyofichuka Novemba 1986 katika gazeti moja la Lebanon. Serikali ya Ronald Reagan iliiuzia Iran silaha kwa siri, na sehemu ya fedha ikapelekwa kwa waasi wa Nicaragua, ingawa Bunge lilikuwa limekataza wasipewe msaada wa kijeshi. Ofisa aliyeshika shughuli hiyo, Oliver North, alikiri kwamba alizichana nyaraka. Ilisaidia kwamba nakala za barua zake zilikuwa zimebaki katika kompyuta za ofisi bila yeye kujua. Ila hukumu dhidi yake ilibatilishwa katika rufaa, na tarehe 24 Desemba, 1992, Rais George Bush, aliyekuwa Makamu wa Rais mambo hayo yakitendeka, aliwasamehe watu sita, akiwamo aliyekuwa Waziri wa Ulinzi, Caspar Weinberger, ambaye kesi yake ilikuwa haijasikilizwa.

Kesi ya Bill Clinton nitaipita upesi. Alidanganya chini ya kiapo kuhusu jambo la aibu yake binafsi, akashitakiwa bungeni Desemba 1998, na Senate ikamwachilia Februari 1999. Madhara yake makubwa yalikuwa kwamba watu walizoea kuiona silaha hiyo nzito kama fimbo ya chama kumpigia chama kingine.

Mazoea hayo ndiyo yaliyoukuta wakati wa Donald Trump. Aliposhitakiwa bungeni Desemba 2019, hakuna mbunge hata mmoja wa chama chake katika Baraza la Wawakilishi aliyeunga mkono. Mashtaka ya pili, baada ya Bunge kuvamiwa tarehe 6 Januari, 2021, yaliungwa mkono na kumi. Katika Senate kura za kumtia hatiani zilikuwa 57, nazo zilitakiwa 67. Mlolongo wa mwaka 1974 ulikatika katika kiungo cha chama. Hakuna Goldwater aliyekwenda kugonga mlango.

Halafu, tarehe 1 Julai, 2024, lile pengo lililoachwa na Ford likazibwa kwa namna ambayo wengi hawakuitazamia. Mahakama ya Juu, kwa majaji sita dhidi ya watatu, iliamua kwamba Rais ana kinga kamili ya kutoshitakiwa kwa jinai katika madaraka yake ya msingi ya kikatiba, na hudhaniwa kuwa na kinga katika matendo yake mengine ya kikazi. Mambo yake binafsi hayana kinga. Wengi wa majaji walisema kuwa Rais anayeogopa jela hatatenda kazi kwa uthabiti. Hoja hiyo ina uzito wake. Lakini mimi hujiuliza: kama ndivyo, Ford alimsamehe Nixon kitu gani?

Nimalizie na wakaguzi. Baada ya Watergate, mwaka 1978, Bunge lilipitisha sheria ya kuweka wakaguzi wakuu ndani ya wizara, wasiofungamana na chama. Baadaye sheria hiyo ikataka Bunge lipewe taarifa siku 30 kabla ya yeyote kati yao kuondolewa. Januari 2025, usiku mmoja, wapatao 17 waliachishwa kazi bila taarifa hiyo. Baadhi yao walikwenda mahakamani, na mwezi Septemba mwaka huo jaji alikubali kuwa kuachishwa kwao kulivunja sheria. Hakuwarudisha kazini, kwa maelezo kwamba Rais angeweza kutoa taarifa ya siku 30 na kuwaondoa tena.