Vielezi vya Kiingereza: Maneno Madogo Yenye Mzigo Mkubwa

Hotuba kwa wazazi na vijana wa Misima, Handeni



Leo sisemi habari za mbegu wala za mvua. Nataka kuwaeleza habari ya maneno ya Kiingereza yaitwayo vielezi, yaani maneno yaonyeshayo tendo limetendeka vipi, lini, wapi, au kwa kadiri gani. Huenda mzee mmoja akauliza, "Hayo yatufaa nini sisi wakulima?" Nitamjibu kwanza.

Watoto wetu wengi huanza kwa Kizigua nyumbani. Shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, kama ilivyoamuliwa mwaka 1967. Lakini mtoto akiingia sekondari hukuta karibu masomo yote ni kwa Kiingereza. Siku ya mtihani aambiwa aeleze jambo "briefly", maana yake kwa ufupi. Asiyelijua neno hilo huandika kurasa nzima, muda ukamwishia, na maswali mengine yakabaki bila jibu. Somo alilijua, kilichomwangusha ni neno moja.

Tena tazameni chupa ya dawa ya maji ya mtoto. Pameandikwa "Shake well", yaani tikisa sawasawa. Katika dawa nyingi za namna hiyo, unga wa dawa hutuama chini. Usipotikiswa, mtoto hupewa dawa hafifu siku za kwanza, na kali mno siku za mwisho. Na palipoandikwa "twice daily", ni mara mbili kila siku, wala si zaidi. Basi mzee wangu, vielezi vyatuhusu sote.

Sasa nawageukia vijana. Jambo la kwanza ni mkia wa neno. Sisi hutoka katika "-zuri" tukapata "vizuri". Waingereza mara nyingi huongeza "ly" mwishoni: "quick" ni -a haraka, "quickly" ni kwa haraka. Lakini msiutegemee mkia huo siku zote. Kielezi cha "good" ni "well", na "fast" haibadiliki kamwe. Tena lipo neno lenye hila: "He works hard" ni kusema afanya kazi kwa bidii, "He hardly works" ni kusema hafanyi kazi ila kidogo sana. Kijana aombaye kazi katika shamba la mkonge huko Korogwe, akiandika "I hardly work" kwa kutaka kujisifu, amejishtaki mwenyewe kwa mkono wake. Vivyo hivyo "late" ni kwa kuchelewa, lakini "lately" ni siku hizi za karibuni.

Jambo la pili ni neno letu "bado". Kwetu ni moja, kwa Kiingereza ni mawili. Bado analala: "He is still sleeping". Bado hajaja: "He has not come yet". Na tusemapo "amekwisha kuja", habari ya kwisha tumeitia ndani ya kitenzi. Mwingereza huitolea neno lake peke yake: "He has already come". Kwa hiyo atafutaye neno kwa neno hupotea njia.

Jambo la tatu ni kukana. Sisi husema "sijamwona kamwe", tukakana katika kitenzi na kutia nguvu kwa "kamwe". Lakini "never" imekwisha kubeba kukana kote. Semeni "I have never seen him", wala msiongeze "not".

Jambo la nne ni mahali pa kukaa. "Always", "often" na "sometimes" kwa kawaida hukaa mbele ya kitenzi: "She always comes early". Lakini kitenzi kikiwa ni "is" au "are", hukaa nyuma yake: "She is always early".

La tano, msichanganye "very" na "too". Maji yakiwa "very hot" ni ya moto sana, na huenda ukayaoga. Yakiwa "too hot" yamepita kiasi, ukiyaoga utaungua.

Basi mjifunzeje? Msikariri orodha ndefu kama mtu ahesabuye magunia. Kila jioni chukueni vielezi vitatu tu, na kwa kila kimoja andikeni sentensi mbili za mambo mliyoyaona wenyewe: kisimani, shambani, au njiani kwenda shule. Neno lililofungwa katika habari ya nyumbani kwako halisahauliki upesi.

Nanyi wazazi, msiseme kwamba hamjui Kiingereza na kwa hiyo hamna la kufanya. Mwambieni mtoto asome sentensi yake, kisha aieleze kwa Kiswahili mara mbili, pamoja na kile kielezi na bila yake. Akiweza kuonyesha tofauti, amelielewa neno. Akishindwa, na arudie kesho, bila kupigwa wala kuchekwa. Kazi hiyo haihitaji fedha. Yahitaji taa na subira.

Haraka haraka haina baraka.