Mchezaji Hutengenezwa Ligi za Chini: Mafunzo ya Besiboli kwa Walezi wa Vipaji

Mada iliyowasilishwa katika semina ya walimu wa michezo, viongozi wa kata na wazazi, Nyamigogo



Utangulizi

Nimeombwa nieleze safari ya kijana anayetaka kuishi kwa kipaji chake cha michezo. Nimechagua besiboli, mchezo ambao wengi wetu hapa hatujawahi kuucheza, kwa sababu ngazi zake za chini zimepangwa wazi na tunaweza kuzifuata moja baada ya nyingine. Hoja yangu ni moja. Mchezaji hutengenezwa kwenye ligi za chini, miaka mingi kabla hajaonekana kwenye televisheni, na ngazi ya kwanza kabisa imo mikononi mwetu.

1. Ngazi zilivyo

Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani ina timu 30. Tangu mwaka 2021 kila timu ina timu nne za chini, jumla 120, katika madaraja ya Single-A, High-A, Double-A na Triple-A. Chini ya hizo zipo ligi za wanaoanza huko Arizona, Florida na Jamhuri ya Dominika.

Kwenye mpira wa miguu tuliouzoea, klabu nzima ndiyo hupanda au kushuka daraja. Kwenye besiboli anayepanda ni mchezaji mmoja mmoja. Anaweza kuitwa juu leo na kurudishwa chini mwezi ujao, huku wenzake wakibaki walipo.

Maisha katika ligi hizi za chini yalikuwa magumu. Hadi mwaka 2022, kima cha chini cha mshahara katika Single-A kilikuwa dola 11,000 kwa mwaka. Mwaka 2023 wachezaji wa ligi hizo walipata mkataba wao wa kwanza wa pamoja kupitia chama chao, na kiwango hicho kikapanda hadi dola 26,200. Cha Triple-A kikafika dola 35,800. Kilichowainua ni umoja na mkataba ulioandikwa.

2. Gift Ngoepe: miaka ya subira

Gift Ngoepe alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1990. Mama yake, Maureen, alifanya kazi katika klabu ya besiboli ya Randburg Mets, nje kidogo ya Johannesburg, na familia iliishi katika chumba kimoja humo humo klabuni. Mtoto alikua akiuona mchezo kila siku. Baadaye alipata nafasi ya kufundishwa katika chuo cha besiboli huko Tirrenia, Italia, na mwaka 2008 akasaini na Pittsburgh Pirates, timu ya Ligi Kuu, akiwa na umri wa miaka 18.

Hakupelekwa Pittsburgh. Alianzia ligi ya wanaoanza Florida mwaka 2009, kisha akapita State College, West Virginia, Bradenton, Altoona na Indianapolis, mji baada ya mji, daraja baada ya daraja. Mapema mwaka 2013 mama yake alifariki. Aliendelea kucheza. Sifa yake kubwa ilikuwa ulinzi uwanjani. Kupiga mpira ndiko kulikomsumbua, naye aliendelea kukufanyia kazi msimu hadi msimu.

Tarehe 26 Aprili 2017, akiwa na miaka 27, aliingia dhidi ya Chicago Cubs na kuwa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza Ligi Kuu hiyo. Mara yake ya kwanza kushika gongo aliupiga mpira uliorushwa na Jon Lester na kufika besi ya kwanza salama. Mwaka huo alicheza mechi 28, na mwaka uliofuata 13 akiwa na Toronto. Mzazi anayemtarajia mwanawe atajirike baada ya msimu mmoja aipime safari hiyo kwa makini.

3. Uganda: kipaji na cheti

Jirani zetu wana somo jingine. Mwaka 2011 timu ya watoto kutoka Kampala ilifuzu kwenda mashindano ya dunia ya Little League huko Williamsport, Marekani. Ilinyimwa viza kwa sababu ya dosari katika nyaraka za umri na kuzaliwa. Watoto walikuwa wameshinda uwanjani, wakashindwa kwenye makaratasi.

Mwaka 2012 timu ya Lugazi ilifika huko, ikiwa ya kwanza kutoka Afrika kucheza mashindano hayo, na ikaifunga timu ya Gresham, Oregon, kwa 3-2. Miaka kumi baadaye, 2022, Los Angeles Dodgers iliwasainisha warushaji wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male.

Somo hili linatugusa moja kwa moja. Ukanda wetu wa Ngara na Biharamulo uko karibu na Burundi na Rwanda, na maswali ya uraia huulizwa sana. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa anaweza kupoteza nafasi aliyoipigania miaka kumi.

4. Ngazi tulizonazo

Sisi tunayo mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari. Mtoto huanzia shuleni, akapanda kata, wilaya, mkoa hadi taifa. Mbwana Samatta wa mpira wa miguu naye alipita African Lyon, Simba, TP Mazembe na Genk kabla ya kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, akiwa na Aston Villa, mwaka 2020. Hakuna hatua hata moja kati ya hizo iliyopotea bure.

5. Mapendekezo

Kwanza, kila shule iwe na daftari la mchezaji: umri, mechi alizocheza, majeraha na maendeleo yake darasani.

Pili, watendaji wa vijiji wawasaidie wazazi kufuatilia vyeti vya kuzaliwa kwa wakala wa usajili, RITA, kabla mtoto hajamaliza darasa la saba.

Tatu, mzazi asisaini karatasi ya wakala kabla mwalimu na mtu anayejua sheria hawajaisoma.

Nne, kijana asitolewe shule kwa ahadi ya majaribio. Wengi wanaoanza ligi za chini hawafiki juu, na elimu ndiyo itakayowalisha.

Hitimisho

Ndugu Mwenyekiti, hatuna uwanja wa besiboli, wala hatuhitaji kuusubiri. Mtoto anayekimbia, anayedaka na anayerusha vizuri yupo tayari katika shule zetu. Naomba semina hii isifungwe kabla kila shule haijamtaja mwalimu atakayelishika daftari hilo kuanzia muhula ujao.