Mji wa Leipzig, na Vitu vya Kwetu Vilivyoko Huko

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Masasi)



Mmeniamuru niseme juu ya safari yangu ya Udachi, nami natii. Habari za Berlin nitaziacha, maana wengi wamekwisha kuzisimulia. Nitasema habari za Leipzig, kwa kuwa mji ule una jambo na sisi watu wa Masasi na Newala.

Mwaka 1906, vita vya Maji Maji vikiwa havijasahauliwa hata kidogo, Bwana Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alishuka Lindi, akapanda kuja Masasi, kisha Chingulungulu na Newala. Alikaa miezi kadha akikusanya vinyago, ngoma na vyombo vya nyumbani, alipiga picha, na nyimbo za wazee wetu alizinasa katika nta kwa mashine ya sauti. Aliporudi kwao alifanywa mkuu wa makumbusho hayo, na kitabu chake kikapigwa chapa mjini humo mwaka 1908.

Sasa nieleze njia. Kutoka Berlin, treni ya mwendo wa kasi hufika Leipzig kwa muda wa saa moja na robo hivi. Utashukia stesheni kubwa mno, iliyomalizika mwaka 1915. Nyumba za wageni zi karibu, na mwenye mkoba mwepesi kama karani atapata hosteli, ambamo wageni hulala wengi chumba kimoja na kupika jiko moja. Lakini jihadhari na mwezi Machi, wakati wa maonyesho ya vitabu: vitanda hujaa na bei hupanda. Agiza mapema, uchukue risiti.

Ya kutazama ni mengi. Liko kanisa la Mtakatifu Thomas, alimofanya kazi Bach, fundi wa muziki, tangu mwaka 1723 hata kufa kwake mwaka 1750. Liko kanisa la Mtakatifu Nikolai: jioni ya tarehe 9 Oktoba 1989 watu wapatao 70,000 walipita njiani mjini wakidai haki zao, wala hapana risasi iliyofyatuliwa. Tena uko mnara wa kukumbuka vita vya mwaka 1813, wenye urefu wa mita 91. Magoti yangu yanaukumbuka mpaka leo.

Makumbusho ya Grassi hufungwa Jumatatu. Mimi sikuuliza, nikafika Jumatatu. Kosa ni langu.

Lakini aibu yangu kubwa ilikuwa jikoni, katika hosteli. Nilikuwa nikifungua kitabu cha Weule, na mgeni mwenzangu akaona picha ya kinyago cha Kimakonde. Akaniuliza kwa adabu, "Hiki huchezwa lini, na aliyekivaa huitwaje?" Bwana Mwenyekiti, mimi niliyezaliwa Newala nilinyamaza. Nilijua jina la aliyekichukua, mwaka aliokuja na bandari aliyoshukia. Jibu la swali lile sikuwa nalo. Niliporudi nyumbani nilikwenda kwa babu yangu, akaniambia habari za mapiko na jando tangu alasiri hata jogoo wa kwanza. Yote yalikuwapo, umbali wa mwendo wa baiskeli kutoka ofisini kwangu.

Kwa hiyo natoa shauri. Mwanachama akijaliwa kwenda Leipzig, kwanza aketi na wazee, aandike majina ya vitu na kazi zake. Pili, aandike barua kwa makumbusho miezi kabla ya safari, aombe kuonyeshwa vitu vya mwaka 1906. Maana makumbusho huweka vingi ghalani, na mabomu ya Desemba 1943 yaliteketeza vingine, basi yafaa kujua kilichobaki. Tatu, arudi na orodha, isomwe hapa.

Sisi ni makarani: barua na faili ndiyo kazi yetu ya kila siku. Vitu vile vikirudi ama visirudi, hilo ni la wakubwa kuamua. Lakini siku watakapoamua wataulizwa ni vitu gani, vya nani, vya kazi gani. Na faili la kujibu hayo halijafunguliwa. Naomba tulifungue sisi, wazee wangali hai.